Paa la Kioo na Upara wa Mume Wangu

Siku mume wangu alipoleta lile gari la spoti nyumbani, nilitoka na futi ya kupimia vitambaa shingoni, nikalizunguka mara moja, nikamwambia, "Umenunua jeneza lenye redio."

Lilikuwa jekundu, limejilaza chini kama mjusi, viti viwili tu, na limeshapita mikono ya watu kabla ya kutufikia sisi. Yeye ameendesha mabasi ya wenzake maisha yake yote mpaka amestaafu. Nikamuuliza kama na akili nayo imestaafu.

Mdomo wangu una haraka kuliko mwenyewe. Jioni ileile aliniambia, "Ingia, mama, tukazunguke," nami nikaingia bila kusukumwa. Kuingia kwenyewe ni kujiangusha kwa makalio na kumwachia Mungu. Kutoka ni kama kujifungua: lazima mtu akushike mikono na kukuhimiza. Lakini nilipokwisha kukaa nikainua macho, nikaona mbingu. Paa lote kioo! Na kupitia kile kioo nikamwona wifi yangu, dada wa mume wangu, kasimama kwenye kibaraza chake cha ghorofa ya tatu ya jengo letu, na nguo mbichi mkononi, ananitazama mdomo wazi.

Hapo ndipo nilipolipenda gari.

Wifi yangu si mtu mbaya, ila tangu niolewe ananiona kutoka juu. Mimi nashona mapazia. Chumba changu cha kazi kiko chini ya jengo hilohilo, na kila siku anaona utosi wangu ukikatiza uwanja na mzigo wa vitambaa. "Wifi, leo tena umebeba?" Anaona nimebeba, lakini lazima aulize. Sasa aliniona nimeegemea kiti cha ngozi, miguu nimenyoosha, kama mke wa balozi. Nikamwambia mume wangu azunguke uwanja tena, nimesahau kuangalia kitu.

Tabu ikawa jua. Mume wangu kichwani hana unywele hata wa dawa. Na paa lile liko chini mno, kofia haina nafasi. Akiivaa inasukumwa mpaka puani. Kwa hiyo aliendesha upara wazi chini ya kioo, mchana kweupe. Upara ukaanza kubabuka. Akaupaka mafuta, ndiyo kwanza ukaiva vizuri.

Ijumaa akaja kusimama mlangoni kwangu, kichwa kimefunikwa taulo lililoloweshwa maji.

"Nimeshindwa, mama. Kuna mtu analitaka. Kesho kutwa anakuja kulichukua."

"Kuchukua nini?"

"Gari. Mimi siwezi kuokwa kama mkate."

Moyo ukanishuka mpaka kwenye pedali ya cherehani. Nikasikia kabisa sauti ya wifi: "Wifi, gari lenu liko wapi siku hizi?"

"Umeoa mshona mapazia halafu unalikimbia jua?" nikamwambia. "Niachie mimi."

Kila mshona mapazia anajua kanuni: ukipima upana wa dirisha, kitambaa unakata mara mbili yake, ili pazia lipate mikunjo. Pazia lisilo na mikunjo ni shuka. Nikapima kioo, nikakata mara mbili. Nikachagua wavu mweupe, ule mwepesi kabisa. Mume wangu akauliza mbona mwepesi hivyo, nikamjibu ndio mtindo. Nikashona mikunjo mizuri, nikapitisha waya mbele na nyuma, nikabana. Nikarudi nyuma hatua chache, nikajipongeza kwa sauti.

Kitu kimoja tu kilinipita, mimi fundi mzima: dirisha limesimama, paa limelala. Pazia la dirishani likilegea linabaki ukutani. La paani linakuja kwa watu.

Jumamosi tukatoka kulijaribu. Tuta la kwanza, mikunjo ikashuka polepole ikatua kwenye upara. Mume wangu akaisukuma kwa mkono. Tuta la pili waya ukachomoka, na kitambaa chote, mara mbili ya upana, kikamwagika juu yake. Akafunga breki katikati ya barabara, akakaa mumo humo, amefunikwa kama bibi harusi.

Nyuma yetu dereva wa lori akachungulia dirishani. "Hongera, mzee! Umeolewa lini?"

"Mama," mume wangu akasema kutoka ndani ya wavu, "yule mtu anakuja kesho."

"Basi tupite dukani kwanza."

Muuzaji wa duka la mapambo ya magari, dada mmoja mwenye kucha ndefu, alitoka nje akalitazama gari, kisha akaitazama kazi yangu niliyoikunjakunja miguuni.

"Hiki nacho nini, mama?"

"Chandarua. Unauza au unahoji?"

Akaleta vizuia jua vya aina mbili. Cha kwanza kilikuwa wavu mweusi uliowambwa kwenye waya, umekaza kama ngoma, hauna hata mkunjo mmoja. Ilinibidi niangalie pembeni. Cha pili kilikuwa ubao mwepesi wa kukunja, unang'aa kama fedha, unaziba kioo chote.

Mume wangu akakaa kitini, dada akabandika wavu. Upara ukapata madoadoa ya kivuli.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Afadhali. Linachoma bado, lakini afadhali."

Pembeni ya duka kulikuwa na ngazi za kwenda juu. Nikazipanda mpaka mwisho, nikachungulia. Kiti changu nilikiona vizuri, na mkoba wangu juu yake. Nikapaza sauti, "Sasa weka ule mwingine!" Dada akaweka. Sikuona kitu, sufuria limefunikwa.

"Tunachukua wavu!" nikasema kutoka huko juu.

"Lakini mama," dada akasema, "wavu unapitisha jua. Kwa baba mwenye ki… kwa baba, huu wa fedha ndio utamfaa."

Mume wangu akatoa kichwa dirishani. Akanitazama nilivyong'ang'ania ukingo wa ngazi. Akatazama paa. Akanitazama tena.

"Ni dada yangu, sio?"

"Dada yako gani?"

"Wa ghorofa ya tatu."

Nikajidai nafuta vumbi kwenye ukingo wa ngazi. Dada wa kucha alikuwepo, ni shahidi.

"Chukua wavu," mume wangu akasema, wala hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Nitavumilia. Yule mtu nitamwambia asije. Ila mimi nilidhani unapenda kutembea na mimi."

Hakuna kitu kigumu kama kushuka ngazi huku watu wawili wanakuangalia na huna la kuwaambia. Mwanamke mzima, nilikuwa tayari kumchoma mume wangu utosi ili wifi aone mkoba.

"Lete hilo sufuria," nikamwambia dada. "Na ulibandike vizuri, lisije likamwangukia. Ameshaolewa mara moja leo."

Likabandikwa. Mume wangu akafumba macho chini yake, akashusha pumzi ndefu. Nikaingia, yaani nikajiangusha, tukarudi nyumbani kwenye kivuli, akinihadithia habari za abiria wake wa zamani njia nzima. Hata sijui tulipita wapi.

Tulipoingia uwanjani wifi alikuwa kibarazani kwake. Mtu hawezi kuacha tabia kwa siku moja. Nikashusha kioo cha dirisha, nikatoa kichwa na bega zima nje, kama mbuzi aliyepakiwa kwenye pikapu.

"Wifi! Hujambo?"

"Sijambo! Nani huyo? Wifi? Mbona mmelifunika hilo gari? Nasikia mnaliuza?"

Nikavuta pumzi nimpe jibu lake.

"Haliuzwi!" mume wangu akanguruma kutoka chini ya paa. "Na jioni tunatoka tena, mimi na mke wangu!"

Nikabaki vilevile, shingo imepinda, mdomo wazi, na neno langu nimenyang'anywa.