Neno Nililoandika Mbele ya Jina la Désiré

Iko Jumapili moja ya mwezi wa tatu ambayo bado naikumbuka vizuri, mdogo wangu, na nitakusimulia kwa sababu sasa ni wewe unayeandika matokeo ya timu yetu ya vijana. Sijawa mzee. Nina miaka ishirini na saba. Lakini wewe una kumi na sita, na katika ukumbi wetu huku ughaibuni, Rissne, tofauti hiyo inatosha kunipa haki ya kukuketisha na kusema nawe polepole.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesomea takwimu, na kazi sikuwa nimepata. Nilikuwa nikituma maombi, kisha nashinda siku nzima nikijiuliza kama salamu ya mwanzo wa barua niliiandika sawasawa. Mtu wa namna hiyo akikosa kazi hutafuta jambo lolote la kukishughulisha kichwa. Mimi niliangukia ubishi juu ya Kocha Anselme.

Unamjua kwa sura. Ni yule baba wa Bukavu mwenye kofia ya sufu, anayekaa benchi la nyuma kanisani. Kwa miaka mingi alifundisha mpira wa kikapu katika chuo kimoja kusini mwa jiji, na wachezaji wake aliwatafuta mwenyewe: Rågsved, Sundbyberg, hapa Rissne, popote penye goli nje ya majengo. Alipostaafu, baadhi ya wazazi wa chama chetu cha michezo walitaka apewe timu ya vijana. Wengine walimtaka kocha mdogo mwenye cheti kipya. Ikaamuliwa kwamba Jumapili ile wazazi wapige kura, na wale wenye zamu kazini watume chaguo lao kwa simu. Yeye mwenyewe aliitaka timu ile. Hakumwambia mtu, lakini tangu Krismasi alikuwa akija kwenye mazoezi na kusimama ukutani, mikono mfukoni, kama anayesubiri kuulizwa jambo.

Wiki zile zote mashabiki wa timu walibishana ukumbini, na ubishi haukuwa juu ya cheti wala tabia. Ulikuwa juu ya usajili wake. Je, Kocha Anselme alikuwa na jicho la kuona kipaji, au alikuwa akikusanya watu warefu tu?

Musyoka ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Ni Mkenya, anaendesha treni za chini ya ardhi.

"Huyo kocha wenu alikuwa anasajili urefu," alisema. "Ukigonga kichwa kwa mlango, umeingia timu."

"Weye Musyoka, acha," alijibu Papa Kalala, Mkongo ambaye ni mpishi wa shule. "Ule kijana wa Rågsved, nani alimuona wa kwanza? Si Anselme?"

"Wa kwanza ni mimi! Alikuwa amesimama mlangoni, treni ikakataa kufunga. Nikatangaza kwa spika: wewe mrefu, ingia ama utoke."

"Na ulimufundisha nini?"

"Nilimfundisha kuingia."

Tulicheka wote. Kisha Musyoka akaongeza, akiwa bado anacheka: "Na muhesabu pia wale hawakufika mahali. Si kuna Désiré? Alikuwa moto huyo. Siku hizi amepotea kabisa."

Mimi nilisikia neno hilo nikalichukua kama lilivyo. Nikaenda nyumbani kutengeneza orodha ya kumaliza ubishi.

Orodha ile niliihangaikia, mdogo wangu, si kidogo. Niliwaza kama niyapange majina kwa alfabeti au kwa mwaka. Nilimpigia binti mmoja wa Kikongo kumuuliza alama za juu ya herufi katika jina la Désiré zinaelekea upande gani. Niliifuta na kuiandika upya mara tisa. Ilikuwa na safu tatu: jina la mchezaji, mtaa alikotoka, na safu ya mwisho niliyoipa kichwa "Alikoishia". Humo niliandika maneno machache machache: anacheza, aliacha, aliumia goti. Mbele ya Désiré na wengine watatu ambao sikuwa na habari zao niliandika: amepotea. Neno hilo sikulifikiria hata mara moja. Jumamosi mchana nikaituma kwenye kundi la mashabiki, na mashabiki wakaisambaza kwa wazazi.

Sasa sikiliza. Mkenya akikwambia umepotea, anakwambia hajakuona siku nyingi, na pengine yuko karibu kukununulia chai. Kwetu sisi tuliotoka Morogoro, mtu aliyepotea amekosea njia, au tabia yake imeharibika. Lakini mama yake Désiré alitoka Burundi wakati wa vita akiwa na watoto wawili. Mume wake alipotea. Kaka zake wawili walipotea. Hakupewa miili ya kuzika, na mpaka leo akiwataja hasemi walikufa. Anasema walipotea. Nyumbani kwake neno hilo halina maana nyingine.

Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa ukumbini tukisubiri kura. Musyoka na Papa Kalala walikuwa wakibishana tena, safari hii kila mmoja na orodha yangu kwenye simu yake, na mimi moyoni nilijisikia mtu wa maana. Kocha Anselme alikuwa meza ya mbali na kikombe cha kahawa. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Désiré. Alikuwa na sare ya kazini, ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, na koti juu yake limefungwa vifungo kombo. Alikuwa ametoka katikati ya zamu.

"Ni nani ameandika kwamba mtoto wangu amepotea?"

Nilinyoosha mkono, kama darasani.

"Nani amekwambia? Polisi?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyeniambia. Mimi nili..."

"Nimempigia mara nane. Hashiki."

Musyoka akasimama. "Mama, pole. Hiyo kupotea ni vile sisi husema tu, mtu hujamwona..."

Alimtazama kama unavyomtazama mtu anayecheka msibani. Musyoka akakaa.

Kocha Anselme ndiye aliyemvutia kiti. "Mama Désiré, ikala kwanza. Mutoto iko ku kazi. Siku ya Mungu kama leo anaingia saa ine, na simu inabakiaka mu kabati. Ni kiwanda ya mikate, hawaruhusu simu."

"Wewe umesikia sauti yake leo?"

"Leo, hapana."

"Basi hujui."

Hakubishana naye. Alitoa simu yake, akapiga, akaongea mbele yetu sote. "Bosco? Ni Anselme. Uko wapi? Bon. Enda ku kiwanda, uite Désiré atoke ku mlango, anipigie na simu yako. Mama yake anataka kusikia sauti. Hapana, hakuna ubaya. Enda sasa hivi."

Bosco alikuwa kwenye orodha yangu pia. Mbele ya jina lake niliandika aliacha. Kocha alipokata simu ndipo nilipojua kutoka kwake kwamba Bosco anaendesha basi katika mji mmoja wa kaskazini, na kwamba ni yeye aliyemtafutia Désiré ile kazi ya mikate, baada ya Kocha kumwomba.

Tulisubiri karibu nusu saa. Papa Kalala alimmiminia mama chai, naye akaishika mpaka ikapoa. Hakuna aliyeizungumzia kura. Mimi nilipanga kichwani namna ishirini za kuomba msamaha na sikutumia hata moja.

Simu ilipolia, Kocha alimpa bila kuitazama. Tulimsikia Désiré akiuliza kwa Kiswidi kuna nini, sauti ya kijana aliyekatizwa kazi mbele ya bosi wake. Mama yake akamgombeza kwa Kirundi kwa muda mrefu sana, na wale wanaoijua lugha hiyo wakaanza kutabasamu na kuangalia chini. Alipomaliza, alirudisha simu, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo.

Kocha akaniita. "Lete ile orodha."

Alivaa miwani, akayasoma majina moja moja, si kwa hasira. Huyu iko Uppsala, iko na mapacha. Huyu anatengeneza lifti. Huyu goti ilipona, anafundisha watoto kuogelea. Huyu ilikuwa mu shida na polisi, imetoka, tunaongea kila mwezi. Alipofika kwenye majina mawili alivua miwani. "Hawa wawili sijui beko wapi. Nimewatafuta tangu mwaka jana. Hapo hukudanganya." Kisha akaweka kidole juu ya kichwa cha safu. "Alikoishia. Binti yangu, mukubwa wao iko na miaka makumi tatu na ine. Nani kati yao ameisha?"

Nilikifuta kichwa kile pale pale kwenye simu yangu.

"Sasa huo ndio usajili, bwana," Musyoka alisema kwa sauti ya chini.

"Mais ni kweli, alichagua barefu," alisema Papa Kalala, akiinua mkono juu ya kichwa kuonyesha urefu wao, na hata Kocha akacheka.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Kura zikapigwa, na waliokuwa ukumbini karibu wote walimnyooshea Kocha mkono. Halafu katibu akafungua simu kusoma za wale waliokuwa kazini. Nyingi zilikuwa zimetumwa tangu Jumamosi jioni. Mzazi mmoja aliandika kwamba hawezi kumkabidhi mtoto wake mtu ambaye vijana wanne wamepotea mikononi mwake, na chini yake wengine waliandika nakubaliana, nakubaliana. Nilisimama nikaomba waulizwe upya. Mwenyekiti alisema, kwa upole kabisa, kwamba kura ikishatumwa imetumwa, na kwamba nisingeomba hivyo kama zingekuwa za upande wangu. Alikuwa sahihi. Nilituma masahihisho dakika ile ile. Yalisomwa, watu wakaweka alama za pole. Lakini timu alipewa yule kocha mwenye cheti, na Jumamosi iliyofuata pale ukutani hapakuwa na mtu.

Nilimfuata kwake Sundbyberg. Njiani nilikariri maneno ya msamaha mpaka mlango wa jengo. Alinisikiliza kama nusu, akanikatiza. "Uliogopa sana kukosea jina la Désiré. Ni vizuri. Lakini jina likikosewa, mwenyewe anacheka tu. Ogopa ile neno ya pembeni." Halafu akanipa yale majina mawili kwenye karatasi. "Weye unajua kutafuta kwa kompyuta. Nisaidie."

Mmoja tulimpata mwaka jana, Gothenburg. Wa pili bado. Katika orodha yangu mbele ya jina lake sijaandika kitu.

Kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu. Kabla hujaandika jambo juu ya mchezaji, muulize yeye, na ukimkosa yeye muulize anayempenda. Usitosheke na lililosemwa kwa kicheko mezani. Kiswahili cha ukumbi wetu kimekuja kwenye mizigo ya watu wa nchi tano, na kila mmoja alifunga humo mambo aliyoyapitia. Neno unaloliona jepesi, uliza linasikikaje katika nyumba ya yule litakayemfikia. Ukiwa hujui, acha nafasi wazi, hata kama jedwali litaonekana baya. Masahihisho yana kawaida ya kufika baada ya kura. Na ikiwa wewe ni mtu wa wasiwasi kama mimi, usiuonee haya wasiwasi wako wala usijaribu kuufukuza. Uelekeze kwa watu, maana mimi wangu niliumalizia kwenye alama za herufi.

Mungu akuzidishie subira ya kuuliza, na akupe ujasiri wa kupiga simu hata pale unapoona aibu. Na siku watu watakapokaa kubishana juu yako, miaka mingi ijayo, akuwekee pale mezani mtu mmoja anayejua ulipo.