Taa Zangu za Rangi Zimeharibu Koito

Jameni, leo nimekaribia kukosa bibi juu ya taa za gari.

Nilizifunga mwenyewe ndani ya gari, mwalimu wangu akiwa video za simu. Ni zile za rangi, zikisikia sauti zinacheza.

Leo nimebeba mjomba, shangazi na baba mpaka Silibwet, kwa kina Chebet, mchumba wangu. Ni koito, siku ya kumwomba rasmi kwa wazazi wake.

Tumefika kwa geti, mvua inanyesha. Na huwezi kuingia boma la wakwe kabla hujaitwa, kwa hivyo tukangoja ndani ya gari.

Mjomba akasema, "Tuombe."

Mjomba haombi polepole.

"BABA!" Gari ikawa nyekundu.

"TUNAKUJA MBELE YAKO!" Zambarau.

Wote wakaitikia amina, taa zikapagawa kabisa.

Kufungua macho, baba ya Chebet amesimama kwa dirisha na mwavuli. Mzee wa kanisa. Huyo hacheki hata kwa harusi.

"Nani ameweka hii kitu?"

Shangazi akaninyooshea kidole haraka sana. Asante, shangazi.

Mzee akafungua mlango, akaketi mbele, akafunga mwavuli.

"Na ikisikia wimbo inafanya nini?"

Ameimba mpaka betri ikazima. Chai imepoa kwa nyumba, na Chebet ananiangalia kama mtu anafikiria upya.

Kama uko karibu na Silibwet na una waya za kujampu gari, kuja mbio. Baba mkwe amekataa kushuka. Anasema mambo ya ng'ombe wa mahari tutaongea taa zikirudi.