Nafasi ya Mjapani wa Marehemu

Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, siku ya tatu ya Ramadhani, katika fleti yetu ya mtaa wa Rosettenville, mbali na kwetu Tanga. Aliniachia binti mmoja, simu yenye kioo kilichopasuka, na Mjapani.

Mjapani huyo ni mchezaji wa mpira aliyestaafu zamani. Mume wangu, mlinzi wa jengo la ghorofa huko Hillbrow, alimwona kwenye runinga wiki ile aliyopata kazi: Mjapani alitolewa uwanjani akizomewa, akageuka, akawainamia waliomzomea. "Huyu angefaa lindoni," alisema. Upo ukurasa wa mtandaoni unaowapanga wachezaji kwa umaarufu, kadiri watu wanavyofungua kurasa zao. Kila siku baada ya alasiri alimfungua wake. Mimi, niliyejifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na moja, ndiye niliyemsomea nafasi aliyoshika. "Tusipomtazama sisi," alikuwa akisema, "ataporomoka."

Nikaingia eda na kazi hiyo mkononi. Mwanamke aliye edani hatoki wala hajipambi, lakini hakuna aliyenikataza kufungua ukurasa. Siku ya msiba Mjapani alikuwa wa mia mbili na sita. Tarehe 1 Aprili, wa mia mbili na kumi na tisa. Tarehe 20 Mei, wa mia mbili na arobaini. Nikawa namfungua mara tano kwa siku, kisha mara ishirini. Mume sikuweza kumzuia. Sasa na huyu alikuwa akiniponyoka.

Jirani yangu Mkongo, aliyeniletea sombe, kisamvu cha kwao, alichungulia simu.

"Mama, huyu Mujapani ni mukwe wako?"

"Ni mgeni wa marehemu."

"Mugeni gani haende kwao?"

Binti yangu, ambaye ukimsemesha kwa Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza, siku hiyo alijitahidi. "Eish, Mama. Watu wengi sana wanaangalia. Simu moja si kitu."

"Ya baba yako ilikuwa kitu," nikamjibu.

Eda ilikwisha Jumatano, tarehe 9 Julai. Wanawake wenzangu wa Tanga walikuja asubuhi, wakanikosha, wakanivua nguo za eda, wakasoma dua hadi magharibi. Sikuigusa simu siku nzima. Alhamisi niliifungua nikiamini kwamba nimemwangusha kabisa.

Alikuwa amepanda nafasi thelathini na moja.

Siku pekee ambayo hakuna mtu wa nyumba hii aliyemtazama, ndiyo siku aliyopanda. Nilikaa kitandani nikazifikiria alasiri zote zile, mume wangu akiharakisha salamu za watu ili awahi zamu yake ya pili, ambayo hakuna aliyempa, na ambayo haikumlinda mtu yeyote.

Binti akasimama mlangoni. "Leo yuko wapi?"

"Ameshuka," nikamwambia, nikiilaza simu kifudifudi asiione. "Baba yako hayupo, atashikwa na nani?"