Mhusika Asiye na Jina

Namunyak ni mwanangu wa tatu, na ndiye pekee aliyefika kidato cha nne. Tumepanga chumba hapa Karatu ili awe karibu na shule. Baba yake, Lekoko, yuko Kakesio na ng'ombe. Alikubali kwa shingo upande, na mtoto anajua akiacha shule safari hii hakuna wa kumrudisha.

Somo alilolipenda ni fasihi. Nikichambua maharage mlangoni, alinifundisha mimi Yeyo wake, mama niliyeishia darasa la nne.

"Yeyo, mandhari ni nini?"

"Pale mambo yanapotokea. Na wakati wake."

"Msimulizi?"

"Mwenye mdomo."

Akacheka. "Na kilele?"

"Pale msikilizaji anaposahau maharage yake."

"Yeyo, wewe ungenishinda darasani!"

Mwezi wa sita mwalimu Piusi aliwasimamisha mmoja mmoja wasimulie tukio la kweli la nyumbani, kisha wataje mhusika mkuu, mgogoro na kilele. Namunyak akasimulia habari za kaka yake, aliyemfuata ndama korongoni akauawa na nyati. Hayo nimeelezwa na Goodness, binti wa mwenye nyumba, anayesoma naye.

Kisha mwalimu akauliza, "Mhusika mkuu ni nani?"

"Kaka yangu."

"Hana jina?"

"Alikuwa nalo."

Wenzake wakaangua kicheko. Kwetu jina la kijana aliyekufa hulazwa pamoja naye, halitamkwi tena. Hata binamu yake aliyeitwa hivyo alibadilishiwa. Mwalimu si mtu wa kwetu, hakujua.

"Mhusika asiye na jina ni bapa, binti. Hana uhai. Nikupe alama ya nini?"

Namunyak akalitamka.

Tangu siku hiyo wenzake wanamwita kwa jina hilo. Ni utani tu, hawana ubaya. Asubuhi ya kwanza walipoliita kutoka barabarani, "Toka basi, tunachelewa!", ungo ulinidondoka, na mguu wangu mmoja ulishatoka nje kumpokea mwanangu wa kiume.

Namunyak aliniona. Hajaenda shule tena.

Nilimfuata mwalimu. Aliniomba radhi kweli kweli, "Nisamehe, mama, sikujua," akaingia darasani kuwakanya wanafunzi. Nilisimama dirishani nikamsikia akilitaja jina lenyewe, kwa sauti, ili waelewe ni lipi wasiloruhusiwa kulitaja.

"Nenda, mwanangu," nilimwambia jana. "Mtihani umekaribia. Usipokwenda, baba yako atakuja kukuchukua."

"Nikienda wataliita, Yeyo. Nikibaki, watasahau."

"Na wewe je?"

Sare yake imekauka kwenye kamba, hakuna aliyeianua. Nachambua maharage peke yangu. Wenzake wakipita barabarani najikuta nimesimamisha mkono, nasikiliza, na sijui naomba wanyamaze au waite mara moja tu.