Soda Iliyofunguliwa Jikoni

Likizo iliyopita nilivuka mpaka mara yangu ya kwanza, kwenda Bujumbura kwa shangazi, dada ya baba, ambaye sikumkumbuka hata sura. Mama alinipa mashauri mengi: nisibadilishe pesa kwa vijana wa mpakani, nisipige picha za viboko wa ziwani karibu na askari. Moja alilirudia mpaka gari likaondoka: "Kinywaji kifunguliwe mbele ya macho yako. Hata kwa ndugu. Watu wanatia sumu."

Nilipofika, shangazi akatoka jikoni na soda iliyokwisha kufunguliwa. Koo lilinikauka kwa jua na vumbi, lakini niliishika tu ile chupa. Nikiikataa, nitakuwa nimemtukana mwenye nyumba nitakamolala wiki nzima. Nikiinywa, je?

"Minye sina kiu, shangazi," nikasema kwa sauti ndogo.

"Na jua hii yote?" Akacheka. "Ni mama yako alikufundisha. Leta hapa."

Akamimina kidogo kwenye glasi, akanywa, akanirudishia chupa. Nikainywa yote, uso ukiniwaka kwa haya.

Jioni akapika samaki wakavu ambao mama alimtumia kwa mkono wangu. Akaweka sahani katikati, halafu akakunja mikono.

"Anza weye."

Nikadhani ananiheshimu kama mgeni. Nikamega, nikatafuna, nikamwona ananitazama koo. Nilipomeza, ndipo naye akanyoosha mkono.