Matundu ya Uzio wa Mtaa wa Furze

Leanne Brumby hana masihara na kosa. Pale Burnie, mji wa Australia, kuna kundi la wazee wachora ramani za michezo ya kompyuta, ile ambayo unavaa uhusika wa mtu fulani na kumtembeza mijini akitafuta visa na hazina, na wote wanamwogopa. Ukimpelekea ramani anaipitisha kwenye kikaguzi, programu inayotembea kila kona yenyewe na kutoa aibu zako zote hadharani: mlango usiofunguka, mtu aliyenasa ukutani, kisima kinachoning'inia hewani. Ramani haitoki mpaka kikaguzi kinyamaze.

Safari hii ramani ilikuwa ya mdogo wake, Darryl. Haikuwa na ngome wala mazimwi. Ilikuwa Mtaa wa Furze walikozaliwa, mtaa uliovunjwa wote barabara kuu ilipopanuliwa. Macho ya Darryl yanakwisha. Daktari amemwambia wazi kwamba majira ya baridi yakifika hataona kitu kwenye kompyuta. Alitaka jambo moja tu, autembee mtaa ule tena akiwa bado anauona. Jamani, nani angemnyima?

Leanne akakiwasha kikaguzi, nacho kikapiga kelele: uzio unapitika, uzio unapitika, nyumba baada ya nyumba. "Maskini, macho hayo," akanung'unika, kisha akabonyeza kitufe cha kurekebisha yote kwa mkupuo. Kikaguzi kikanyamaza, naye akaenda kuchemsha chai.

Jumapili mchana Darryl akaja, akavuta kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mtu wake mdogo wa mchezoni akatoka mlango wa nyuma wa nyumba yao, akapita chini ya nguo zilizoanikwa, akaenda moja kwa moja kwenye uzio. Akajigonga. Akajaribu upande wa pili, akajigonga tena.

"Dada, nani kaziba hapa?"

"Kikaguzi kilisema ni makosa."

"Makosa! Wewe, lini uliwahi kupita getini?"

Leanne akaitazama upya ramani. Kweli bwana! Mtaa wa Furze geti lilikuwa la tarishi na la padri. Wengine wote, watoto, na akina mama na bakuli zao za supu, walipenya kwenye mbao za uzio zilizong'oka. Kumbe yeye, bingwa wa kukamata makosa, ameufunga mtaa mzima kwa kidole kimoja. Roho ilimuuma, akatamani kujizaba kofi.

"Sogea huko," akasema. Wakaanza kufungua tundu moja moja, wakibishana kama zamani.

"La kina Novak lilikuwa kwenye banda la kuku."

"Kwenye choo, Dada. Sketi yako ilinasa pale ukaangua kilio."

"Mimi? Na aliyejikojolea kwa kumwogopa mbwa wao ni nani?"

Darryl akacheka mpaka akakohoa. Kikaguzi kikaanza tena kelele zake, Leanne akakizima. Wanaomjua hawataamini, lakini alikizima.

Walipomaliza, Leanne hakuachia kipanya. Akashuka hadi mwisho wa mtaa, nyuma ya stoo ya kuni, akatoboa uzio mwingine.

"Hapo hapakuwa na tundu," Darryl akasema. "Kwa kina Pascoe? Baba alitukataza, hatukuwa tukienda."

"Wewe hukuwa ukienda."

Darryl akageuka, akamkodolea macho yale mabovu. "Usiniambie ni Stuart! Yule aliyechukuliwa jeshini akafia Vietnam?"

"Huyo huyo. Nilimpenda, Darryl. Nilimpenda mno, na sijamwambia mtu hata siku moja."

Darryl hakumtania. Akamwendesha mtu wake akapenya tundu jipya, akafika mlangoni kwa kina Pascoe, akaingia. Ndani mlikuwa mweupe tupu. Darryl hakuwahi kuikanyaga nyumba ile, angechora nini? Mtu mdogo akasimama katikati ya weupe, hana pa kwenda.

Darryl akapangusa macho kwa mkono wa sweta, akaikuza picha mpaka mwisho.

"Niambie sasa, kabla sijashindwa kuona," akasema. "Jiko lilikuwa upande gani?"

"Kushoto," Leanne akajibu. "Weka na dirisha. Alikuwa akinisubiri dirishani."