Harufu Niliyoichemsha

Kitunguu saumu kikipondwa, harufu yake haibishi hodi. Inaingia tu na kujilaza kitandani. Kule mtaani Kabiria, katika chumba chetu kimoja cha mabati, ilishika pazia, sweta langu la shule na hata kurasa za Biblia ya mama. Ulikuwa msimu wa mvua ndefu, nami nilikuwa darasa la tano. Mdogo wangu Nekesa, mwenye miaka sita, alikanyaga bati lenye kutu mtaroni, kidole chake kidogo cha mguu kikapasuka. Zahanati wakamdunga sindano ya pepopunda, wakasema kidonda kioshwe kila siku, na kikivimba arudishwe haraka.

Mama alikuwa akiwafulia watu nguo mtaa wa Jamhuri, anatoka alfajiri na kurudi sisi tumelala. Akampigia nyanya simu kule Bungoma, na nyanya hakukosa dawa: chemsha maji, yaache yapoe, ponda kitunguu saumu, kiache kidogo kipumue, ndipo ukitie humo uoshee kidonda. Kazi nikapewa mimi. “Mtaka cha mvunguni sharti ainame,” mama akasema, “na mgongo wako wewe bado mpya.”

Siku tatu nikaponda asubuhi kabla ya shule. Siku ya nne, Kevo aliyeketi nyuma yangu akaziba pua. “Niaje, Pilau! Leo kuna nyama ama ni harufu tu?” Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao, maana ukiwahi kucheka hawaoni machozi. Kesho yake nikatumbukiza punje nzima nzima sufuriani, nikazichemsha hadi zikalainika kama viazi. Harufu ikatulia. Tena nikajisifu: si mwalimu alisema kuchemsha kunaua vijidudu? Nekesa akanyoosha mguu. “Leo haiwashi. Kimepona, ama?” Nikamwambia ndiyo. Mama naye akiuliza alfajiri akitoka, nilimjibu vivyo hivyo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumapili, mama alipomvika Nekesa viatu vya kanisani, alikuta kidole kimevimba na kugeuka rangi. Akambeba mgongoni mbio hadi hospitali. Kidole kikakatwa ili mguu ubaki. “Ningekiangalia mwenyewe,” mama alilia. “Lakini mikono yangu ilikuwa kwa nguo za watu.” Nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza.

Siku hizi naosha vyombo vya kioo katika maabara moja mjini. Fomu foo ya sekondari niliimaliza kwa kusukumwa, lakini ndoto zangu haziulizi cheti. Mwanakemia mmoja pale, dada mpole, nilipomsimulia kidonda cha Nekesa na kumuuliza habari za kitunguu saumu alinichorea: atomu mbili za salfa zimeshikana, moja imebeba oksijeni. Kumbe katika punje nzima kitu hicho hakipo! Malighafi iko chumba hiki cha punje, na kimeng’enya, kile kichocheo cha kuigeuza, kiko chumba kingine. Ukiponda, kuta zinabomoka, vinakutana, na hapo ndipo kinazaliwa hicho kinachonuka na kuvuruga protini za bakteria. Ukichemsha punje nzima, kimeng’enya kinakufa kabla ya harusi.

“Kwa hivyo harufu ndiyo dawa?” nikauliza.

“Kwenye kisahani cha maabara, ndiyo. Kwa kidonda cha mtoto, siwezi kukuahidi. Kikiwa kibichi huchoma ngozi. Huyo alihitaji daktari, tena mapema.”

Nilidhani maneno hayo yangenifariji. Ila mimi ndiye niliyekuwa nikisema anaendelea vizuri.

Mwezi uliopita nilimweleza Nekesa yote. Ana miaka kumi na saba sasa. Akanitazama, halafu akacheka. “Wee! Yaani kidole changu kilikufa juu ya Kevo?” Kisha kicheko kikamkauka. “Mimi nimesikia, dada. Lakini mama mpaka leo huambia watu ni yeye aliniharibia mguu. Mwambie.”

Zamani niliogopa pua za darasa zima. Leo naogopa macho ya mtu mmoja. Utoto wangu haukujua salfa wala kimeng’enya, lakini ulijua kunyamaza, na somo hilo ndilo nililolishika hadi ukubwani. Mama ameketi hapa mezani akichambua mboga ya sukuma. Ameniuliza, “Unaandika nini hivyo hadi unalia, mwanangu?” Nimesogeza sahani yake ya mboga kando, nimemshika mikono yote miwili. Ina maji.

“Mama,” nimeanza, “si wewe.”